Mashine Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Nimetoka kwenye mkutano wa Mamlaka ya mawasiliano nikiwa na njaa, hasira na mpango. Mpango ndio wa maana.

Tuliitwa sote tunaouza intaneti mitaani, sisi wenye antena juu ya paa na nyaya zinazopita madirishani kwa watu. Ukumbi umejaa, feni moja inazunguka kwa kujilazimisha. Mkurugenzi mwenyewe kaja kutusomea sheria mpya. Projekta ikaonyesha maandishi juu chini. Akaigeuza. Maandishi yakalala ubavu. Mwishowe akatuomba sisi ndio tulaze vichwa upande. Na hawa ndio wanaokuja kutufundisha kompyuta!

Sheria yenyewe ni hii. Kila muuza intaneti aweke kumbukumbu za kila mteja kwa mwaka mzima: nani kaingia mtandaoni, saa ngapi, kaenda wapi. Kila mteja kwa jina lake na kitambulisho chake. Eti wakimtafuta mhalifu watakuja kwetu, tutabonyeza kitufe, jina litatoka. Nikawatazama wenzangu ukumbini. Nusu yao hawajui hata majina ya wateja wao, wanawaita "yule wa geti jekundu".

Bwana Kasi akasimama. Huyu ni mshindani wangu, duka lake na langu yanatazamana, ni barabara tu katikati. Jina kalipata kutokana na bango lake, "Kasi ya Ajabu", japo intaneti yake inatembea kwa magoti. Akauliza: makumbukumbu yote haya tuyaweke wapi? Ukumbi ukapiga makofi. Mkurugenzi akafikiri kidogo, akajibu kwamba tuyaweke kwenye mashine. Ukumbi ukapiga makofi tena! Sijui tunakwenda wapi sisi.

Lile swali lilikuwa langu. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa.

Halafu likaja lililonizindua. Wiki ijayo mkaguzi anapita. Mtaa wenye wauzaji wawili utabaki na leseni moja, ya yule aliyetimiza sheria. Nikatoka nje hapohapo kupanga ushindi wangu. Vifungu vya mwisho sikuvisikia, lakini vifungu vya mwisho huwa vya kujazia karatasi tu.

Sheria hii ni upuuzi mtupu, haitekelezeki, na mimi nitakuwa wa kwanza kuitekeleza. Bwana Kasi hawezi. Yule hata neno lake la siri kalibandika ukutani. Leseni yake itakwenda, wateja wake watavuka barabara, nami nitawapokea kwa unyenyekevu.

Maana nikikosa mimi, ni balaa. Biashara hii ndiyo inayotulisha. Niliacha kazi ya mshahara kwenye duka la matairi kwa ajili yake, mke wangu akinivuta shati. Leseni ikienda nitarudi kuviringisha matairi, na mke wangu atakuwa alisema kweli. Sijui kipi kitaniuma zaidi.

Jumanne, 7 Mei

Mashine ya kuhifadhia imepatikana. Kubwa, nyeusi, ina taa ya kijani inayokonyeza. Fundi wa kompyuta alikuwa ameitamani runinga yetu ya sebuleni tangu zamani, tukabadilishana. Mke wangu aliporudi akakuta ukuta mtupu. Akauliza mama yake atatazama nini sasa, maana mama mkwe anaishi nasi na mchezo wake wa alasiri haukosi hata akiwa na homa. Nikasema sheria ni sheria.  Mama mkwe akaingia chumbani kwake, akatoa redio ya zamani sandukuni, akaipangusa vumbi. Mtu mwelewa sana. Binti yake hakurithi.

Nikaunganisha mashine. Ikaniuliza ihifadhi nini: muhtasari au vyote? Muhtasari ni wa waoga. Nikachagua vyote.

Kufikia jioni imejaa. Pomoni! Siku moja haijaisha, na wenyewe wanataka mwaka!

Nikafungua nione imejazwa na nini. Katuni ya mtoto wa tembo, ileile, inarudiwa na kurudiwa na watoto wa nyumba ya kona. Namna ya kutoa doa la mafuta kwenye suti. Dawa ya kipara. Magauni ya harusi, mengi mpaka macho yameniuma. Mtu kauliza kama paka huota ndoto. Mwingine kauuliza mtandao kama kweli anapendwa. Haya ndiyo taifa linataka yalindwe mwaka mzima! Natamani kumwona huyo ofisa atakayeketi kuyasoma. Akifika kwa paka atakuwa anakoroma.

Nimefuta vyote. Nimechagua muhtasari. Mke wangu kauliza kwa nini sikuanza na huo. Kuna watu hawajui maana ya utafiti.

Jumatano, 8 Mei

Leo majina na vitambulisho. Nimevaa shati la kola, nimeshika kalamu, nimeanza nyumba kwa nyumba.

Fundi cherehani wa chini yetu alikuwa na pini mdomoni. Akaniuliza bila kuzitoa, nitaona nini hasa. Nikamweleza: anapoingia, anakokwenda, saa. Akazitoa pini zote. Akasema kama ni hivyo nipande ngazi nikate waya wake sasa hivi, atarudi kwenye vocha. Mwenye duka la dawa alinifungia mlango nikiwa bado natabasamu. Mama wa nyumba ya kona akasema kitambulisho kiko kwa mumewe, na mumewe kasafiri, na safari haijulikani mwisho. Papo hapo mumewe akapiga chafya chumbani.

Nikamwendea mwalimu mstaafu. Mtu wa heshima, mpenda sheria, aliwahi kuwapeleka majirani kwa mjumbe kwa sababu ya takataka. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikamsomea kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kumbukumbu hizo zitakaa kwa nani. Nikasema kwangu.

"Mwanangu," akasema, "serikali initazame, sawa, haina muda na mimi. Lakini wewe?"

Akacheka mpaka akashika kiti. Sikuona cha kuchekesha.

Nikarudi nyumbani na karatasi nyeupe. Nikaketi nikafikiri. Nikiwadai majina, wateja wanakimbia. Nisipokuwa na majina, leseni inakimbia. Hivi waliotunga sheria hii wamewahi kugonga mlango wa mtu? Thubutu! Wameitunga wakiwa wamekaa kwenye viti vinavyozunguka.

Ndipo akili ikanijia. Sheria inataka jina na kitambulisho. Jina ninalo. Kitambulisho ninacho, tena hakijaisha muda. Nikawaandikisha wateja wote kwa jina langu. Mtaa mzima, mtu mmoja! Mashine ikapokea bila ubishi, tena nafasi ikaokoka.

Mke wangu ndiye anayepokea simu za wateja, na kwa hiyo anajiona anaijua biashara. Akauliza, ikija siku ya kumtafuta mtu itakuwaje? Nikamwambia siku hiyo jina litatoka, na wao wanachotaka ni jina litoke. Akaenda kuanua nguo. Nimemshinda kwa hoja.

Alhamisi, 9 Mei

Mashine imezimika asubuhi kwa joto. Iliwaka mpaka nikaogopa kuigusa. Chumba chetu ni tanuri, sebule inapigwa na jua mchana kutwa, na dukani paa ni la bati. Chumba chenye ubaridi ndani ya nyumba hii ni kimoja. Cha mama mkwe.

Sasa mtu anaingiaje chumbani kwa mama mkwe wake na kumwambia anataka kulaza mashine chini ya kitanda chake? Nilisimama mlangoni nikakohoa. Nikaamkia. Nikakohoa tena. Mama mkwe akauliza kama nina kifua. Nikamweleza kwa heshima kwamba taifa linamhitaji. Akasogeza ndara zake, akasema niweke tu, ila ile taa inayokonyeza nielekeze ukutani, hakuzoea kukonyezwa. Nikaona aibu ya mwaka.

Jioni nimeikagua kazi yangu. Loo! Kumbukumbu zina shimo. Asubuhi zipo, mchana zipo, alasiri hakuna kitu, jioni zipo tena. Mtaa mzima umepotea alasiri nzima!

Nikahisi mkono wa Bwana Kasi. Nikamtuma mke wangu achunguze, maana mimi siwezi kumhoji mkwe. Akarudi anauma mdomo asicheke. Kumbe chumba kile kina soketi moja. Ukifika wakati wa mchezo wa redio, mama mkwe anachomoa mashine, anachomeka redio. Mchezo ukiisha anarudisha, tena kwa uangalifu, na vumbi anaipangusa.

Mimi napigania leseni, yeye anafuatilia kama yule bibi arusi wa redioni atamkubali daktari!

Ijumaa, 10 Mei

Soketi nimeimaliza. Nimepaka gundi kwenye plagi, nimezungusha mkanda mweusi, juu yake nikagongomelea kipande cha ubao. Hata tingatinga haliichomoi. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani na redio mapajani, ananitazama. Akaniuliza daktari atasikilizwaje leo. Nikasema nitamnunulia betri.  Betri nimesahau, nina mambo makubwa.

Kubwa lenyewe ni hili. Kuwa na kumbukumbu peke yake hakutoshi. Mkaguzi atakuja, atasema vizuri, ataondoka. Nataka aone faida! Nataka mhalifu. Tena mhalifu awe Bwana Kasi.

Nikafungua ukurasa wa Mamlaka, pale wananchi wanapotoa maoni. Nikajipa jina "Kasi ya Ajabu". Nikaandika: "Mkurugenzi kashindwa na projekta, ataiweza intaneti ya nchi? Arudi shule ya vidudu." Kusema kweli niliandika kwa raha. Maneno yalikuwa yamenikaa kooni tangu Jumatatu.

Lakini mimi si mjinga wa kutuma kutoka kwangu. Lazima yatoke kwenye mtandao wake. Bwana Kasi ana intaneti ya bure ya kuonjesha wapita njia, haihitaji neno la siri. Alasiri nikavuka barabara, nikaketi kibarazani kwake nikijifanya nina jiwe kiatuni. Simu ikashika mtandao wake. Nikabonyeza kutuma. Kimya. Nikangoja. Kimya! Kasi ya ajabu kweli. Mara mtandao wake ukakata kabisa, simu yangu ikarukia wangu yenyewe, na maneno yakaenda fyuu!

Jamani, tazama nguvu za antena yangu! Inafika mpaka kibarazani kwa adui! Nimetembea kurudi nyumbani kichwa juu. Na nimeangalia mashine: alasiri yote ipo, hakuna shimo hata la sindano. Roho kwatu.

Jumapili, 12 Mei

Moto umewaka. Mamlaka imetoa tangazo kwamba Mkurugenzi kadhalilishwa mtandaoni na mtu wa mtaa huu anayejiita "Kasi ya Ajabu", na mkaguzi atakapokuja kesho ataanza na hilo. Bwana Kasi kavuka barabara mwenyewe kuja kuapa dukani kwangu. Si yeye, hata ukurasa wenyewe hajawahi kuufungua. Jasho linamtoka. Nikampa kiti na maji baridi, nikamwambia asiwe na wasiwasi, ukweli uko ndani ya mashine yangu. Nikamkaribisha aje kushuhudia. Akanishukuru! Karibu nimhurumie.

Mke wangu kaniuliza usiku juu ya lile jina la "Kasi ya Ajabu". Mbona maneno ya projekta ni yaleyale niliyokuwa nikiyasema mezani wiki nzima? Nikamwambia wenye akili huwaza sawa. Akauliza, Bwana Kasi naye ana akili lini? Swali gumu. Nimelala mapema.

Jumatatu, 13 Mei

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Mkaguzi ni mwanamama mpole, miwani juu ya paji la uso, anasema "tafadhali" kila neno la tatu. Alianza kwa Bwana Kasi. Mashine hana. Kumbukumbu hana. Nikajiandaa kuona leseni ikichanwa. Wapi! Bwana Kasi akatoa ombi lake lenye mhuri. Kumbe kile kifungu cha mwisho, kile cha kujazia karatasi, kinasema anayeomba muda anapewa miezi sita, na katika miezi hiyo hadaiwi kitu chochote. Mkaguzi akamshukuru. Akasema wauzaji wote wa mji huu wameomba muda. Wote, isipokuwa mmoja.

"Wewe ndiye wa kwanza kuitimiza sheria," akaniambia. "Hata sisi Mamlaka bado hatujaona mashine inayofanya kazi."

Kichwa kikanivimba. Nikaongoza msafara chumbani kwa mama mkwe: mkaguzi, Bwana Kasi, mke wangu nyuma. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, redio kimya mapajani, miguu kaikunja kupisha. Nikaivuta mashine nje kidogo. Mkaguzi akatoa siku na saa ya yale matusi, akaniomba tafadhali nitafute kama mtu wa mtandao wangu ndiye aliyeyatuma. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba kwangu hakuna wahuni, lakini nitabonyeza ili haki itendeke.

Nikabonyeza.

Jina likatoka. Langu. Na namba ya kitambulisho, na picha ile niliyopigwa nikiwa nimenuna.

Nikasema mashine imekosea. Nikabonyeza tena. Ikanitoa tena. Nikakumbuka simu ilivyoruka pale kibarazani, na jinsi nilivyoifurahia. Lakini mtu hafi kirahisi! Nikaeleza kwamba jina hilo si lazima liwe mimi, kwa kuwa mtaa mzima umeandikwa kwa jina hilo, anaweza kuwa mtu yeyote.

Mkaguzi akashusha miwani. Akaanza kusoma yaliyobaki, polepole, bila kejeli, na hilo ndilo lililoniua. Kwa saa moja ya jana, mimi peke yangu nimetazama mtoto wa tembo, nimetafuta dawa ya kipara, nimechagua gauni la harusi, nimeomba kazi ya upishi kwenye meli, na nimeuliza kama mume asiyesikia anatibika. Sote tukamtazama mke wangu. Akatazama dari.

Kisha mkaguzi akanipangia mambo yangu. Kama jina ni la kweli, nimemtukana Mkurugenzi. Kama si la kweli, nimeghushi kumbukumbu za wateja, na hilo lina adhabu kubwa zaidi. Nichague, tafadhali.

Nikachagua matusi.

Akasema kwa masikitiko kwamba leseni inasimamishwa, na mashine inakwenda kuwa ushahidi. Ndipo akaona lile shimo la Alhamisi. Akauliza mbona alasiri ya siku hiyo ni tupu, wakati ya Ijumaa imekamilika hivi?  Mama mkwe akaiweka redio pembeni, akanitazama kwa huruma.

"Si ungeniachia redio yangu, baba," akasema. "Saa ile mbona ilikuwa yangu kila siku."

Wamejaribu kuchomoa plagi. Gundi. Mkanda. Ubao. Mwishowe wameng'oa vyote pamoja, na soketi, na plasta ya ukuta. Chumba cha mama mkwe sasa kina tundu na hakina umeme. Bwana Kasi ndiye aliyesaidia kubeba mashine ngazini. Aliniomba nishike mlango.

Jumatano, 15 Mei

Nimekwenda Mamlaka kukata rufaa. Mlinzi kanielekeza niweke malalamiko mtandaoni. Nikamwambia intaneti wamenizimia wao. Akasema basi hilo nalo nililalamikie mtandaoni.

Nikiwa njiani kutoka nikaona stoo yao mlango wazi. Mashine yangu iko sakafuni, haijachomekwa. Juu yake wameweka ile projekta. Hakuna aliyeigusa, hakuna atakayeigusa. Runinga nzima ya familia! Mtaa ule wa watu, na kipara chao, na harusi zao, umelala pale chini ya projekta mbovu. Na wanasema nchi iko salama zaidi.

Wateja wamevuka barabara jana yote. Fundi cherehani alinipungia mkono dirishani, pini mdomoni. Mwenye duka la matairi kanitumia salamu kwamba nafasi yangu bado ipo. Mke wangu hakusema "nilikwambia". Kaniwekea chakula, kakaa nami mpaka nikamaliza. Ingekuwa afadhali angesema. Niliona haya mpaka nikashindwa kuomba chumvi.

Halafu kanieleza kwamba Bwana Kasi kamwajiri kupokea simu. Wateja wameizoea sauti yake. Anaanza kesho.

Mama mkwe anasikiliza redio dukani kwa Bwana Kasi sasa. Soketi tatu zimekaa bure. Anasema bibi arusi kamkataa daktari, na hilo nimelikosa pia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimeamka mpya! Mtu huanguka, husimama, hujikung'uta.

Nyumba bila intaneti haikaliki, kwa hiyo mke wangu kanituma nikajiandikishe kwa Bwana Kasi kama mteja wa kawaida. Nikadamka, nikawa wa kwanza mlangoni. Nyuma yangu fundi cherehani, nyuma yake mwenye duka la dawa, kisha mwalimu mstaafu na wengine hadi kona. Bwana Kasi akanipokea meno yote nje. Mashine yake imefika jana, mpya, ina feni zake. Anasema hasubiri miezi sita, ameona mkaguzi anavyopenda watu waliojitayarisha.

Kitambulisho changu akakichukua kwa mikono miwili, akakiingiza. Alipofika kwa fundi cherehani hakumuuliza kitu. Wala mwenye duka la dawa. Wala mwalimu. Akawaunganisha tu, wakaondoka wanacheka. Nikauliza vipi, vitambulisho vyao?

"Kimoja kinatosha mtaa mzima, jirani," akasema. "Nimejifunza kwako."

Kwangu! Kakiri mbele za watu! Wiki nzima naitwa mpumbavu, kumbe adui ananinakili. Mke wangu alikuwa mezani kwake na simu sikioni, akawa ananitikisia kichwa kwa nguvu. Kwa fahari, nadhani. Nikampungia.

Nimerudi nyumbani, nimefunga mlango, nimefungua ukurasa wa Mamlaka. Namwandika yule mkaguzi, miwani yake, na hizo "tafadhali" zake zote. Jina nimeweka lilelile, "Kasi ya Ajabu". Kosa la safari ile nimelichunguza, nimeliona: simu ilirukia antena yangu. Sasa antena yangu imezimwa, haina pa kurukia. Maneno yatatoka kwenye mtandao wa Bwana Kasi, yataingia ndani ya mashine ya Bwana Kasi, na wakimtafuta mwandishi watakwenda kwa Bwana Kasi kubonyeza kitufe.

Wabonyeze! Jina litatoka.

Nimetuma.